Mayai Saba na Rozari ya Aurelia

Nguchiro alimchukua kuku Jumatatu alfajiri, ukungu haujanyanyuka. Joakim alikuwa anafunua turubai la kahawa. Akasikia mlio mmoja tu kutoka migombani, basi. Alipofika alikuta manyoya.

Akasimama pale, mikono imening'inia. Kisha akakumbuka mayai.

Kuku huyo alikuwa wa kishingo, shingo yake tupu na nyekundu kama ya mzee aliyechomwa na jua. Alikuwa wa mwisho. Mama wa mama wa mama yake, hata hesabu yenyewe imepotea, aliingia Mkumbi mwaka wa sabini na saba ndani ya tenga la Aurelia, mke wa Joakim. Mama yake Aurelia alimpa kuku huyo kule Lundo, ziwani, siku ya kuondoka na mumewe. "Samaki huko hutawaona," alimwambia bintiye, "lakini yai utakula."

Walipanda milima siku mbili kwa miguu, Joakim mbele na mjomba wake, Aurelia nyuma na tenga. Kuku alipiga kelele njia nzima. Aurelia alikuwa hajawahi kuvaa sweta maishani mwake. Asubuhi ya kwanza Mkumbi alitoka nje amejifunga blanketi, midomo inamtetemeka, akamuuliza mume wake, "Hii baridi inaisha lini?"

"Oktoba," akajibu Joakim.

Ilikuwa Mei. Aurelia alicheka mpaka akakaa chini. Joakim hakuelewa kilichomchekesha, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Walikaa hivyo miaka arobaini na saba. Yeye alisema machache, mke wake akasema kwa ajili ya wawili. Shambani Joakim alifyeka majani na kuyalaza mistari ya mraba mteremkoni, Aurelia akafuata na jembe kuchimba mashimo ya ngoro katikati ya kila mraba, udongo akiufunika juu ya majani. Ndivyo kazi inavyogawanywa Umatengo, mwanamume analaza, mwanamke anachimba. Mwaka wa kwanza mashemeji walimcheka. "Mtu wa dagaa huyu, ataweza wapi ngoro?" Mwaka wa tatu mvua kubwa ilipasua mashamba ya watu, mashimo ya Aurelia yakashika maji yote. Hakuna aliyecheka tena.

Aurelia alifariki Kwaresima ya mwaka huu, homa ya siku nne. Mei ukaja mdondo, ugonjwa wa kuku, ukafagia banda lote. Akabaki kuku mmoja wa kishingo. Jogoo wa jirani akafanya kazi yake, kuku akataga mayai tisa, akaatamia. Joakim alianza tena kuamka mapema. Kulikuwa na kitu cha kwenda kutazama.

Na sasa manyoya.

Alikwenda jikoni, kuku alikokuwa amewekewa tenga. Mayai yalikuwa bado ya moto. Akayatia ndani ya kofia yake, akaifunika kwa koti, akavuka ua mpaka chumba cha mpangaji.

Mpangaji alikuwa Asnath, mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata, Mpare, msichana mrefu ambaye serikali ilimleta Mbinga miaka miwili iliyopita. Alikuwa anapiga pasi sketi ya kuendea shule.

"Shikamoo, babu. Mbona koti mkononi na baridi hii?"

"Marahaba. Nguchiro amemla."

"Amemla nani?"

Joakim akafunua kofia.

Asnath aliyatazama mayai, akamtazama mzee, akaichomoa pasi. Aliijua habari ya kuku yule. Aurelia alimsimulia mwezi wa kwanza tu wa kupanga, na mwezi wa pili akamsimulia tena.

"Ameatamia siku ngapi?"

"Leo ya nane."

"Zimebaki kumi na tatu. Ingia, babu. Funga mlango, joto lisitoke."

Pembeni mwa kitanda chake palikuwa na sanduku la mbao ambalo Joakim alikuwa akiliona kila siku bila kuuliza. Kuta zake zilikuwa zimetandikwa vipande vya godoro kuukuu. Ndani mlikuwa na balbu mbili za gari na bakuli la maji. Juu ya kifuniko, kwenye kibao cha mbao, kulikuwa na kidude cha buluu, kama biskuti kwa ukubwa, kimejaa vimeno vya chuma pembezoni. Waya mmoja ulitoka kwenye kidude hicho kwenda kwenye kompyuta. Asnath alikuwa analijaribu sanduku hilo la kuangulia vifaranga kabla ya kulipeleka kwenye klabu ya sayansi.

"Mwalimu," akauliza Joakim, "hiki ndicho kinachoatamia?"

"Hiki kinaitwa bodi, babu. Ndiyo akili. Inaonja joto la ndani. Likishuka, inaamuru hii swichi, balbu zinawaka. Likipanda, inazima. Sikiliza."

*Tak*, ikasema swichi. Balbu zikawaka.

"Na umeme wa balbu unatoka humu?" Joakim alionyesha kompyuta.

"Hapana. Huo unatoka kwenye betri ya sola, ile pale chini. Hili tundu la kompyuta ni dogo, linatoa volti tano, nusu ampea, basi. Linatosha akili, halitoshi kazi ya mikono. Nikipachika balbu kwenye bodi, naiunguza bodi, pengine na kompyuta."

Joakim alitikisa kichwa kukubali. Hilo lilimwingia. Zamani walikuwa na mfereji mmoja wa kukobolea kahawa, nyumba tano. Maji yalitosha kusukuma maganda. Siku mtu mmoja alipotaka kumwagilia bustani yake kwa mfereji uleule, mashine ya wa chini ilibaki inasaga tope.

"Basi kila mmoja na mfereji wake," alisema.

"Hivyohivyo, babu! Mbona wanafunzi wangu hawaelewi upesi hivyo?"

Mwanzoni Asnath alijaribu kuilisha bodi kwa pawabanki, ili achukue kompyuta yake shuleni. Pawabanki ikajizima baada ya dakika mbili. Akaiwasha, ikajizima. "Bodi inakula kidogo mno," akaeleza, "pawabanki inadhani hakuna mtu, inalala." Chaja aliyokuwa nayo ilikuwa ya mnadani, ikichomekwa inapata moto kama kiazi cha jivuni, na umeme wa nguzo nao ulikuwa unakatika hovyo. Kompyuta ilikuwa na betri yake, ilivumilia. Basi kompyuta ikabaki nyumbani, na mwalimu akarudi kuandika maandalio ya masomo kwa kalamu.

Kabla ya kwenda shule siku ile alimpa mzee kazi. Kugeuza mayai mara tatu kwa siku, upande wenye msalaba wa penseli uende chini, wenye duara uje juu, kisha kinyume chake. Kuongeza maji kwenye bakuli. Na masharti.

"Usimwage maji hapa juu. Usivute huu waya. Na usiweke kitu chochote cha chuma juu ya bodi. Kijiko, kisu, msumari, hata sarafu. Hivi vimeno vina umeme. Chuma kikigusa viwili kwa pamoja, umeme unapita njia ya mkato, na tundu la kompyuta linajifunga lenyewe lisiungue. Umesikia, babu?"

"Nimesikia."

Na alisikia kweli. Kila alipoingia aliacha funguo nje, juu ya dirisha. Hata saa ya mkononi aliivua. Aligeuza mayai kwa vidole viwili, polepole, kama alivyokuwa akimwona Aurelia akifanya kuku akitoka kwenda kula. Kisha alikaa kwenye kigoda kusikiliza. *Tak*. Muda unapita. *Tak*. Kuku naye hujigeuza hivyo, anatulia, anajigeuza. Ilikuwa sauti ya pekee nyumba nzima mchana, na aliizoea.

Siku ya kumi Asnath aliyamulika mayai kwa tochi ya simu. Mawili yalikuwa matupu. Saba yalikuwa na mishipa myekundu, myembamba kama mizizi ya mche wa kahawa ukiung'oa kitaluni. Katika moja kitu kilijitikisa.

"Umeona, babu?"

Joakim alitoka nje, akapenga kamasi.

Jumamosi Asnath alikwenda kusali, yeye ni Msabato. Angerudi saa nane, na simu huwa anaizima. Joakim aligeuza mayai saa tatu, akaongeza maji, akakaa. Siku ya kumi na tatu. Nyumba ilikuwa kimya kuliko siku zote.

Aurelia alikuwa na desturi yake. Kuku akianza kuatamia, alitundika rozari yake ukingoni mwa tenga, akaiacha hapo mpaka vifaranga watoke. Jioni alichutama mbele ya tenga akamsemesha kuku kwa lugha ya kwao ziwani. Mwaka fulani Joakim alimuuliza anamwambia nini.

"Habari za nyumbani," Aurelia alisema. "Nani kaoa, nani kavua nini. Hawa ni wageni huku kama mimi. Wasiposemeshwa, watakataa kuzaliwa."

Joakim aliyaona mayai yale saba, siku tano ndani ya sanduku, hakuna aliyeyasemesha. Yeye hakuwa na maneno. Lakini rozari ilikuwepo.

Aliingia chumbani mwake, akaitungua kwenye msumari juu ya kitanda, ilikokuwa tangu siku ya mazishi. Ilikuwa rozari ya mnyororo, shanga zimelika kwa vidole, msalaba wa chuma. Sanduku halikuwa na ukingo wa kutundikia. Akafikiri kidogo. Anayeatamia ni nani? Ile akili. Basi akaiweka taratibu juu ya bodi, akaikusanya vizuri isidondoke.

Kijiko ni chuma. Rozari ni rozari. Haikumjia hata kidogo.

Taa ndogo ya kijani kwenye bodi ikazimika. Balbu nazo zikazimika. Kwenye kompyuta kukatokea maandishi, na Joakim hajui kusoma ya Kiswahili, sembuse hayo ya Kiingereza. Alinyanyua rozari upesi. Mnyororo ulikuwa umepata joto.

Akangoja *tak*. Akangoja tena. Aliutazama waya, hakuthubutu kuugusa. Akapiga simu ya mwalimu kama alivyofundishwa, kubonyeza namba mbili na kushika. Haipatikani.

Alitia mkono ndani ya sanduku. Joto lilikuwa linaondoka, na nje kulikuwa na ule upepo wa Julai unaokata masikio. Zilibaki saa tano nzima mpaka mwalimu arudi.

Hakuhangaika zaidi. Alikwenda akachukua sweta la Aurelia, la buluu, akayafunga mayai saba ndani yake, akafungua shati, akayaweka tumboni kwenye ngozi. Juu akavaa koti na kujifunga kamba kiunoni. Akatoka kwa hatua ndogondogo mpaka ukutani jua linapopiga, karibu na meza ya kahawa, akakaa, mikono miwili juu ya tumbo.

Ndipo Romanus alipokatiza uani. Romanus ni jirani, mwenye yule jogoo, na mdomo wake hauna likizo.

"Joakim! Tumbo limekuwaje? Mimba ya miezi mingapi?"

"Mayai."

Romanus alisogea, akachungulia ndani ya koti. Akashika kiuno.

"Haya, nimeishi miaka sabini na mbili, sijapata kuona jogoo akiatamia. Na hao ni watoto wa jogoo wangu! Sasa unataka nikuite shemeji au mkwe?"

"Kompyuta imezimika."

"Imezimika au umeizima?"

Joakim akavuta koti juu ya mayai. Romanus alimfahamu vya kutosha kulijua jibu. Sauti yake ikashuka.

"Basi kuna betri ya sola mle ndani. Tuunganishe balbu moja kwa moja, ziwake. Kazi ya dakika moja."

"Hapana. Bila akili zitawaka bila kukoma. Mwalimu atayakuta yameiva."

"Basi tutayala na chumvi," Romanus alisema, halafu akamwona mwenzake usoni, akaacha. Alikwenda kwake, akarudi na blanketi, akamfunika mabega. "Kaa hivyohivyo, mama mtoto. Usicheke, yatapasuka."

Akaondoka.

Joakim akabaki na jua. Yale mayai yalikuwa mazito kuliko alivyodhani, na yaliigusa mifupa ya mbavu zake. Alikaa muda mrefu hivyo. Kisha akakohoa, akatazama kama kuna mtu, akaanza kusema.

Alianza vibaya. Alisema habari za bei ya kahawa, akaona haifai. Akasema habari ya safari. Kwamba kulikuwa na mto ambao daraja lake lilikuwa gogo moja, na Aurelia alikataa kuvuka mpaka kuku avushwe kwanza. Kwamba juu kabisa, pale ziwa linapoonekana kwa mara ya mwisho, aligeuka, akatua tenga, akamtoa kuku, akamwonyesha maji. "Tazama vizuri," alimwambia, "ukikumbuka niambie." Joakim alikuwa amesimama kando, kijana wa miaka ishirini na sita, anaogopa kwamba mkewe anaweza kurudi chini. Alichoweza ni kuchukua tenga akalibeba yeye, mwanamume mzima na tenga la kuku kichwani, mpaka wakaingia Mkumbi watu wanawatazama.

"Walinicheka mwaka mzima," aliyaambia mayai. "Yeye hakucheka."

Akasema na habari ya Oktoba. Alipofika hapo akaelewa, baada ya miaka arobaini na saba, kilichomchekesha mke wake. Akacheka. Tumbo likatikisika, akalishika kwa mikono miwili, akatulia.

Asnath alirudi saa nane kasoro, na viatu vya kanisani mkononi. Alimkuta mzee ukutani chini ya blanketi.

"Babu! Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeharibu."

Alimweleza kwa maneno machache, akatoa rozari mfukoni akamwonyesha. Asnath aliitazama kwenye kiganja cha mzee, mnyororo na msalaba.

"Nilikwambia chuma, babu."

"Uliniambia vijiko."

Mwalimu aliviweka viatu chini. "Kweli. Rozari sikuitaja. Sisi hatuna, sikuifikiria." Akavaa kandambili. "Kaa na mayai. Usiinuke."

"Leo ni Sabato yako, mwalimu. Usifanye kazi kwa kosa langu."

"Hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa, babu. Imeandikwa. Yai je?"

Aliingia ndani. Alichomoa waya, akaikagua bodi mbele na nyuma, akainusa kama ina harufu ya kuungua. Haikuwa nayo. Aliizima kompyuta, akaiwasha upya, akachomeka waya kwenye tundu la upande wa pili. Joakim alisikiliza kutoka nje, pumzi ameishika.

*Tak.*

"Ina kinga ndani yake," Asnath alisema akitokea mlangoni. "Ikishtuka inakata, ikipoa inarudi. Na tundu lilijifunga kama nilivyokwambia, lilikuwa linangoja kompyuta iwashwe upya. Nami nimekosa, babu. Bodi haikupaswa kukaa uchi vile. Haki yake ilikuwa kufungiwa."

Alitafuta kopo tupu la siagi, la plastiki, akalitoboa pembeni kwa kupitishia waya, akaiweka bodi ndani, akafunika kwa mfuniko. Sasa hata mtu angemwaga sanduku zima la vijiko.

Usiku wa siku hiyo hawakuyamulika mayai. Joakim alikataa. "Tusiyasumbue," alisema, lakini Asnath alijua anaogopa.

Siku nane zilipita, na kila jioni, baada ya kugeuza, mzee alikaa kwenye kigoda na kusema. Siku tatu za mwisho, mwalimu alipomkataza kugeuza tena, alikuja kusema tu. Asnath alikuwa akisahihisha madaftari kitandani, akijifanya hasikii. Alimsikia akimaliza habari za Lundo alizozijua, akaanza kurudia, kama Aurelia.

Jumapili, Joakim alirudi kutoka misa akamkuta mwalimu amesimama uani, anamwashiria kwa mkono. Aliingia bila kuvua saa.

Watatu walikuwa wameshatoka, wamelowa, wanajikwaa. Wa nne alikuwa anavunja. Mayai mengine matatu yalikuwa kimya, na yalibaki kimya. Asnath aliyaweka kando akafunika kwa kitambaa.

Joakim aliinama. Wa kwanza shingo yake ilikuwa na manyoya. Wa pili naye. Wa tatu vilevile. Alikaa kwenye kigoda, akangoja wa nne, nusu saa, saa nzima. Ganda likapasuka likawa mawili. Kifaranga akajinyoosha, akaanguka kifudifudi, na shingo yake ilikuwa tupu, nyekundu, mbaya kama ya mzee.

"Kishingo," Asnath alinong'ona.

Mzee alitoa simu, akabonyeza namba moja, akashika. Ilikuwa ya Vitalia, binti yake, aliyeolewa Lundo, kwa wajomba zake.

"Vitalia."

"Baba! Kuna nini? Wewe hupigi simu."

"Wa mama yako yupo. Mmoja."

Upande wa pili kukasikika mtu anavuta kamasi. "Ni jike, baba?"

"Bado hajasema."

Vitalia akacheka huku analia. "Akiwa jike, mlete huku atembee. Huku hakuna hata mmoja siku hizi."

"Nitamleta. Njia naijua."

Jioni vifaranga walipokauka, Joakim alileta tenga lile lililokuwa jikoni, akatandika sweta la buluu, akawahamisha mmojammoja. Romanus aliwaleta watu wawili kuja kuona watoto wa jogoo wake, wakataniana mpaka wakaondoka.

Mzee akabaki amechutama mbele ya tenga, mkono mfukoni.

"Mwalimu. Hapa kuna umeme?"

Asnath alitazama tenga, akatazama mfuko wa koti.

"Hapana, babu. Hapo hakuna."

Akaitoa rozari, akaitundika ukingoni.